Mara Yako ya Kwanza Kwenye Rola Kosta ya VR: Mwongozo Kamili wa Kupanda Bila Kuchafukwa na Moyo

Aliyewahi kupanda boti ya Pemba anaujua mkondo wa Nungwi. Boti ikishaiacha Unguja nyuma na kuingia mkondoni, hasa msimu wa kusi, mabaharia huanza kupita na vifuko mkononi. Waliokaa chini ndani, macho yao kwenye mgongo wa kiti cha mbele, ndio wanaotapika kwanza. Aliyekaa juu, upepo ukimpiga usoni na macho yake yakiwa mbali kwenye upeo wa bahari, mara nyingi hushuka Mkoani akiwa mzima.

Naanza na boti kwa sababu karibu kila swali ninaloulizwa na ndugu na jamaa kuhusu michezo ya VR (uhalisia pepe: miwani inayofunika macho na kukuonyesha ulimwengu wa picha) kwenye bustani za burudani, jibu lake limo humo. Ndani kabisa ya sikio mna mifereji mitatu midogo yenye majimaji. Kichwa kikigeuka, majimaji hayo huchelewa kidogo, na ubongo hupata habari kwamba tumegeuka. Macho nayo huleta habari zake. Habari hizo zikipingana, tumbo ndilo linaloumia. Chini ya sitaha ya boti, sikio linasema tunayumba na jicho linasema kiti kimetulia. Kwenye VR mambo hugeuka kinyume: jicho linasema tunaporomoka bondeni, sikio linasema mbona tumekaa tu. Ugomvi ni uleule.

Kwa hiyo kila hatua iliyomo humu, kuanzia kuchagua mchezo hadi kufunga mkanda wa kisogoni, ina kazi moja: kulipatanisha jicho na sikio. Ukilishika hilo, hata ukikutana na mashine ambayo sijaitaja utajua la kufanya.

Hatua ya 1: Chagua mashine kwanza, picha baadaye

Watu wengi huchagua kwa kuangalia bango: dinosaria, anga za juu, mji wa mizimu. Acha bango, angalia mwili wako utatembea kiasi gani.

Mashine utakayokutana nayo mara nyingi zaidi, Nairobi, Dar au Dubai, ni kiti cha umbo la yai chenye nafasi mbili, kinachowekwa kwenye korido ya maduka makubwa. Kinainama, kinatikisika, kinakupulizia upepo. Watu hukiona kama mahali salama pa kuanzia kwa kuwa hakiondoki sakafuni. Mimi pia nilidhani hivyo. Kumbe macho yanaporomoka mita mia moja wakati mwili umesogea kama shubiri mbili. Hapo ugomvi wa jicho na sikio ndipo unapokuwa mkubwa kuliko popote. Mara yangu ya kwanza mhudumu alinivika miwani imekaa upande, picha ina ukungu, nami kwa aibu ya kusumbua nikanyamaza. Dakika tano zile nilizilipia hadi usiku. Sikuweza kula, na kila nilipofumba macho kitanda kilikuwa kinaendelea kushuka. Ndiyo maana naandika kwa kirefu hivi: karibu yote yaliyonipata yangeweza kuzuilika ndani ya dakika moja kabla ya kuanza.

Aina ya pili ni chumba cha kutembea. Unavaa miwani na unatembea kwa miguu yako mwenyewe. Ukipiga hatua, picha nayo inapiga hatua. Jicho na sikio wanasema kitu kimoja, kwa hiyo hii ndiyo aina laini kuliko zote kwa tumbo. Mtu anayejijua kwamba hutapika hata kwenye daladala aanzie hapa.

Aina ya tatu ni rola kosta ya kweli, reli ya chuma na treni yake, ila wewe umevaa miwani na unaona ulimwengu mwingine. Inatisha kuisikia, lakini ikiwa imetengenezwa vizuri husumbua tumbo kuliko yai la kwenye korido? La, kinyume chake. Ukiona unakata kona, kweli unakata kona. Ukiona unaporomoka, kweli unaporomoka.

Naishi kusini mwa Ujerumani, na hapa ndipo mambo haya yalipoanzia. Europa-Park, bustani ya familia ya Mack iliyofunguliwa mwaka 1975 katika kijiji cha Rust, ilianza mwaka 2015 kuwapa abiria miwani ya VR kwenye Alpenexpress, treni ya mtindo wa mgodini inayokwenda kwa mota tangu 1984. Kazi ya kuilinganisha picha na reli ilitokana na utafiti wa Profesa Thomas Wagner wa chuo cha Kaiserslautern, akishirikiana na watu wa Mack. Mwaka uliofuata, Alton Towers ya Uingereza ikaibadilisha rola kosta yake ya mwaka 2002 na kuiita Galactica, na Marekani kampuni ya Six Flags ikaweka miwani ya Samsung kwenye rola kosta zake kadhaa. SeaWorld ya Orlando ikafuata na Kraken mwaka 2017.

Nyingi ya hizo zimeshavuliwa miwani. Reli nyingi bado zipo, treni zinakwenda, lakini VR imeondolewa. Sababu kubwa ni foleni: kila abiria lazima avikwe, akazwe, aulizwe kama anaona vizuri, na miwani ifutwe kabla ya mtu mwingine. Treni iliyokuwa ikiondoka haraka ikawa inakaa kituoni watu wakichomeka na kuchomoa. Europa-Park wenyewe walilijibu tatizo hilo mwaka 2018 kwenye Eurosat kwa kutenga kituo cha peke yake kwa abiria wa VR. Abiria alivaa miwani chumbani kwanza, akatembea akiwa tayari ndani ya ulimwengu wa picha, akapanda treni bila kuiona treni yenyewe.

Somo kwako ni hili: usisafiri kilomita mia tatu kwa sababu ya video ya zamani. Angalia tovuti ya bustani yenyewe wiki hiyohiyo, hakikisha mambo matatu: VR ipo siku hiyo, tiketi yake ni ya ziada au imo kwenye kiingilio, na masharti ya umri na kimo. Mara nyingi VR hulipiwa kando na hukatiwa muda maalumu. Kwa wanaokuja Rust kwa treni, shuka kituo cha Ringsheim, basi linakumalizia njia.

Hatua ya 2: Jiulize kama unafaa kupanda

Hapa sina maneno mengi. Mjamzito asipande. Mwenye kifafa asipande. Watengenezaji wenyewe huonya kwamba takriban mtu 1 kati ya 4,000 anaweza kupata kizunguzungu kikali au degedege kwa sababu ya mwanga unaomweka, hata kama hajawahi kupatwa kabla. Mwenye matatizo ya moyo, shingo au mgongo aulize daktari wake. Mwenye mafua makali au sikio linalouma aahirishe, kwa kuwa sikio ndilo tunalolitegemea. Aliyekesha asipande.

Watoto: kampuni nyingi zimeweka umri wa chini wa miwani hizi, mara nyingi kati ya miaka 10 na 13, na bustani nyingine zina masharti yao. Mtoto mdogo macho yake yako karibu mno kwa lenzi za watu wazima, na mara nyingi hajui kueleza kwamba picha haiko sawa. Anavumilia tu, halafu anatapika.

Hatua ya 3: Maandalizi ya nyumbani

Pima umbali wa macho yako. Hii ndiyo kazi ndogo yenye faida kubwa, na karibu hakuna anayeifanya. Simama mbele ya kioo, weka rula ya milimita juu ya nyusi. Fumba jicho la kulia, linganisha sifuri na katikati ya mboni ya jicho la kushoto. Bila kutikisa kichwa, fumba la kushoto, fungua la kulia, soma namba iliyo katikati ya mboni yake. Watu wazima wengi huwa kati ya milimita 54 na 74, wastani ni kama 63. Iandike kwenye simu. Miwani nyingi zina kitufe au gurudumu la kusogeza lenzi zifuate umbali huo, na nyingine hazina. Wanawake wengi macho yao yako karibu kuliko miwani za zamani zilivyoruhusu, na hilo peke yake liliwaumiza kichwa wengi walioambiwa kwamba wao ni waoga.

Kula. Tumbo tupu hutibuka upesi kama tumbo lililojaa. Saa moja au mbili kabla, kula kitu kikavu na chepesi: mkate, ndizi mbivu, viazi vya kuchemsha. Biriani ngoja hadi jioni. Chai ya tangawizi isiyo na maziwa inasaidia watu wengi. Wale wanaomeza vidonge vya safari ya bahari wakumbuke kwamba vingi huleta usingizi, na wamuulize mfamasia kwanza.

Nywele na kichwa. Hili maelekezo ya bustani za Ulaya mara nyingi hayaligusi, nami nimeliona likiwaharibia siku akina dada wengi. Mkanda wa nyuma wa miwani unatakiwa kukaa chini ya kile kinundu cha kisogoni. Ukiwa umesuka na kufunga fundo juu au katikati ya kisogo, mkanda unapanda juu ya fundo, miwani inainama mbele, na uzito wote unaangukia puani. Funga nywele chini kabisa, shingoni, au zigawe mafungu mawili pembeni. Kwa anayevaa hijabu: vaa kofia ya ndani inayobana, juu yake mtandio wa kitambaa chepesi kisichoteleza, toa pini zote za pembeni ambako mkanda unapita, na ncha zote zichomeke ndani ya nguo, kwa sababu kitambaa kinachopepea ni hatari kwenye rola kosta. Mpwa wangu wa miaka 14 aliwahi kufanya hivyo na mhudumu hakumgusa hata mara moja. Mikanda ilikaa juu ya mtandio vizuri kuliko ilivyokaa kwenye kichwa changu.

Miwani ya macho: yenye fremu ndogo huingia, fremu pana hukwama. Ukiwa na lenzi za machoni, vaa hizo. Wanja na vipodozi vizito viache, vitaishia kwenye sponji na kwenye lenzi.

Hatua ya 4: Ukiwa kwenye foleni

Tazama wahudumu wanafanya nini kati ya abiria na abiria. Sponji inafutwa kwa kitambaa chenye dawa, au imefunikwa kwa kifuniko kipya? Lenzi zinafutwa kwa kitambaa chake kikavu, au ni kilekile kilichopita jashoni? Sponji yenye unyevu iliyotoka usoni kwa mtu mwenye jicho jekundu ni njia rahisi ya kuondoka na jicho jekundu. Ukiona hawafuti, omba ifutwe mbele yako. Wakikataa, ondoka. Sijutii mara niliyoondoka.

Simu, funguo na sarafu weka kabatini. Ukiwa na nafasi ya kuchagua kiti, chagua katikati ya treni: mbele kunaning'inia kileleni, nyuma kunavutwa kwa nguvu, katikati kumetulia. Na kama rola kosta hiyo inapandwa pia bila miwani, ipande hivyo kwanza. Mwili ukishazijua kona zake, jicho likija na hadithi yake halitaukuta mgeni.

Hatua ya 5: Kuvaa miwani

Hapa usiharakishwe na mtu. Nyuma yako kuna foleni, mhudumu ana haraka, na sisi tumelelewa tusisumbue watu. Sekunde 60 hizi ni haki yako.

Legeza mikanda yote. Kama una miwani ya macho, iweke kwanza ndani ya kifaa kisha sogeza vyote usoni. Ukivaa kifaa juu ya miwani, fremu itakukwaruza puani. Anza na uso, halafu vuta mkanda wa nyuma ushuke hadi chini ya kinundu cha kisogo. Kisha kaza mkanda wa juu ya kichwa. Huo wa juu ndio unaobeba uzito, wa nyuma unazuia tu kisiteleze. Watu hufanya kinyume: wanakaza wa nyuma hadi mashavu yanauma, na bado kifaa kinaning'inia.

Sasa tafuta maandishi yoyote kwenye picha. Pandisha kifaa kidogo, shusha kidogo, taratibu, hadi herufi ziwe kali. Kuna sehemu moja tu ambapo zinakaa sawa, na utaijua ukiipata. Hapo ndipo uguse gurudumu la umbali wa macho kama lipo, na utumie ile namba uliyoiandika. Bado kuna ukungu? Asubuhi ya baridi lenzi huwa za baridi, na joto la uso huzitia mvuke. Kiache kifaa kikiwa karibu na uso kwa nusu dakika, utaondoka wenyewe.

Mwisho, tikisa kichwa kama unayesema hapana. Picha ikicheza peke yake mbele ya macho, mkanda umelegea. Kaza, rudia. Kama kuna kamba ya kidevuni, ifunge.

Picha isipokuwa wazi, sema. Ujerumani neno moja linatosha: unscharf, yaani picha ina ukungu. Dubai au Doha huenda mhudumu mwenyewe akawa Mkenya au Mganda, sema kwa Kiswahili.

Hatua ya 6: Jaribio kabla treni haijaondoka

Ndani ya kifaa mna kipimo kinachojua kichwa kimegeuka. Kisichoweza kujua peke yake ni kama wewe ndiye uliyegeuza kichwa, au ni treni iliyokata kona na kukuchukua pamoja nayo. Ndiyo maana treni hubeba kisanduku kinachosoma mahali ilipofika kwenye reli na kuvitangazia vifaa vyote bila waya. Kifaa hutoa mzunguko wa treni kwenye hesabu, kinabakiza wako. Hesabu hiyo ikipotoka kidogo, ulimwengu mzima unakaa upande: treni inakwenda mbele na picha inakwenda kushoto. Hakuna kitu kinachotapisha haraka kama hicho.

Jaribio lake ni rahisi. Kaa wima, mgongo umeegemea, mabega sawa. Shika chuma cha mbele yako kwa mikono miwili, katikati, bila kukiona. Ncha ya chombo unachokiona kwenye picha iwe mbele ya kifua chako, usawa wa mikono yako. Siku moja tulipokuwa bustanini, mpwa wangu alinishika kiwiko na kuniambia, "Mjomba, gari limekaa upande." Nikamwuliza kiasi gani. Akanyoosha mkono kuelekea alikoiona pua ya gari, na mkono wake ukanigonga begani. Tuliinua mikono, mhudumu akaja, akamwambia atazame mbele kabisa, akabonyeza kitufe kimoja pembeni ya kifaa, picha ikarudi. Sekunde tatu.

Picha isiyorudi, omba kifaa kingine au panda bila miwani.

Hatua ya 7: Safarini

Egemeza kichwa kwenye kiti. Kwa mara ya kwanza tazama mbele tu, mahali treni inapokwenda, kama nahodha anavyotazama upeo. Pembeni kutakuwa na mambo mengi ya kukuita. Kuzungusha kichwa treni ikiwa kwenye kona kunaivuruga ile mifereji ya sikio kwa pande mbili kwa wakati mmoja. Mteremko ukija, toa pumzi polepole. Wengi huibana, na tumbo linakaza.

Ukihisi mate yanajaa mdomoni, jasho la baridi linakutoka au unaanza kupiga miayo bila usingizi, hizo ndizo dalili za mwanzo. Fumba macho. Ni hilo tu. Jicho likinyamaza, hakuna tena wa kugombana na sikio, na kwenye reli ya kweli unabaki na rola kosta ya kawaida. Ukitulia, fumbua. Kwenye kiti cha yai fumba macho vilevile na inua mkono usimamishiwe. Picha ikikatika na kuwa nyeusi, endelea hivyohivyo hadi kituoni.

Usivue miwani treni ikiwa inakwenda. Kifaa kina uzito wa karibu nusu kilo, na kikikuponyoka kwenye kona kinampata aliye nyuma yako.

Hatua ya 8: Baada ya kushuka

Vua kifaa kabla ya kusimama, subiri macho yazoee mwanga, ndipo ushike chuma na kunyanyuka. Miguu inaweza kuwa mizito. Tafuta benchi lenye kuona mbali, mti au mnara, ulitazame dakika chache. Kunywa maji kidogo kidogo.

Usiendeshe gari papo hapo, hata ukijiona mzima. Mpango wetu huwa ni kuweka VR kabla ya chakula cha mchana, si mwisho wa siku, ili kuwe na saa kadhaa kabla ya mtu kushika usukani. Kichwa kikiendelea kuzunguka hadi kesho yake, muone daktari.

Na usirudie siku hiyohiyo ikiwa tumbo lililalamika hata kidogo. Kulizoesha kwa nguvu hakusaidii, linakumbuka ubaya. Rudi siku nyingine, ukiwa umelala na umekula, na uanze tena na kutazama mbele. Ikiwa safari ya kwanza ilikwenda vizuri, ya pili ndiyo ya kuruhusu macho yatembee. Mpwa wangu safari yake ya pili aligeuka kushoto kwenye kona ya mwisho, akamwona farasi mwenye mabawa akiruka sambamba na treni, karibu kiasi kwamba alinyoosha mkono kumgusa. Mara ya kwanza hakujua hata kwamba yupo.